Mtambaji Asiye na Jina: Ngano za Waswahili kutoka Kitabu cha Steere hadi Akili Unde

UTANGULIZI

Mwezi wa Novemba mwaka 2022 programu iitwayo ChatGPT ilitolewa kwa umma, na tangu hapo wanazuoni wa Afrika wamekuwa wakijadiliana kwa nguvu juu ya hatima ya fasihi-simulizi na ya utambulisho wa jamii zilizoizaa. Wako wasemao kwamba mashine hizi zitaziokoa ngano ambazo wazee wanaondoka nazo. Na wako wahofuo kwamba zitazimaliza hata zile chache zilizosalia. Pande zote mbili, hata hivyo, hulijadili jambo hili kana kwamba halina historia.

Makala haya yanakusudia kuionyesha historia hiyo kwa kutumia mfano mmoja, yaani ngano za Waswahili wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Ngano hizi zafaa kuchunguzwa kwa sababu zilikwisha kuhamishwa mara tatu kabla ya kuifikia mashine: zilitoka kinywani zikaingia katika kitabu cha mgeni, zikatoka humo zikaingia katika kitabu cha shule, kisha zikanaswa katika utepe wa kinasa-sauti. Kila uhamisho ulikuwa na faida yake, na kila mmoja ulitoza ushuru wake. Hoja ya msingi ni kwamba kilichopotea zaidi njiani hakikuwa kisa bali mtambaji: jina lake, lahaja yake, na hadhira iliyomjibu. Akili unde, ambayo wengine huiita akili bandia au akili mnemba, inauendeleza mwenendo huo wa zamani. Lakini inaufikisha mahali ambapo haujapata kufika.

1. NGANO KABLA YA KITABU

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja ambayo huupotosha mjadala huu tangu mwanzo. Ni dhana ya kwamba ngano za Waafrika zilikuwa safi, hazikuchanganyika na za watu wengine, hata ulipofika ukoloni na vyombo vyake. Kwa upande wa pwani dhana hiyo haina msingi.

Chukua kisa cha kima na papa, ambacho hujulikana na takriban kila mtoto aliyelelewa katika Kiswahili. Kima alifanya urafiki na papa, akakubali kubebwa mgongoni baharini, na walipofika katikati ya maji akaambiwa kwamba moyo wake watakiwa kuwa dawa. Akajiokoa kwa kusema kwamba makima huacha mioyo yao mitini, kwa hiyo hana budi kurudishwa aufuate. Kisa hiki kimo katika Panchatantra ya Bara Hindi. Kutoka huko kiliingia katika Kipahlavi cha Uajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu ndani ya kitabu cha Kalila wa Dimna. Hapana shaka kwamba kilifika pwani ya Afrika pamoja na watu, mizigo na maneno ya Bahari ya Hindi.

Lakini Waswahili hawakukipokea kama kilivyokuja. Katika Panchatantra mnyama wa majini ni mamba, na katika Kiarabu ni kasa. Kwa Waswahili akawa papa, samaki ambaye mvuvi wa Unguja au wa Lamu anamjua kwa macho yake. Mti ukawa mkuyu. Aliyehitaji moyo katika masimulizi ya Kihindi na ya Kiarabu ni mke wa mnyama yule. Kwa Waswahili akawa sultani mgonjwa. Badiliko hili la mwisho si dogo. Ngano ya husuda ya nyumbani imegeuzwa ngano ya utawala, ambamo mnyonge huitwa kwa maneno matamu ili atolewe moyo kwa manufaa ya mkubwa. Watu walioishi chini ya masultani walijua kwa nini kisa kinawahusu.

Kwa hiyo Uswahili wa ngano hautokani na asili ya kisa. Unatokana na kazi ambayo watambaji na wasikilizaji wa pwani walikitendea kisa hicho, kizazi baada ya kizazi, mpaka kikawa chao. Jambo hili ni la kukumbukwa, kwa sababu litahitajika tutakapofika kwenye mashine. Ikiwa tatizo la mashine ni kwamba inachanganya visa vya mataifa mbalimbali, basi Waswahili nao walitenda kosa hilo zamani. Tofauti iko pengine, nayo ni katika mahusiano ya mwenye kusimulia na mwenye kusikiliza.

Mahusiano hayo yalikuwa na kanuni zake. Mtambaji alitoa mwito, "Paukwa!", na hadhira ikajibu, "Pakawa!", bila ya jibu hilo ngano haikuanza. Wasikilizaji waliingilia kati, walisahihisha, waliguna, walicheka, na zaidi ya yote waliimba. Aliyesimulia vibaya alijua papo hapo kwamba amesimulia vibaya. Ngano ilikuwa na mdhamini aliyeonekana, na mdhamini huyo alikuwa na watu wa kumhoji.

2. KALAMU YA MISHENI NA KALAMU YA SERIKALI, 1864–1903

Edward Steere aliwasili Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya Vyuo Vikuu. Miaka sita baadaye, mwaka 1870, kitabu chake cha Swahili Tales kilichapishwa London, Kiswahili upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili. Haiwezekani kuandika historia ya nathari ya Kiswahili bila kukitaja. Kimehifadhi ngano ya Sultani Darai na paa wake, ya mwalimu Goso, ya punda wa dobi ambamo kisa cha kima na papa kimo, na ya Sultani Majnuni. Katika mwaka huo huo Steere alitoa kitabu chake cha mafundisho ya lugha ya Unguja. Vitabu hivyo viwili vilikwenda pamoja: ngano zilikuwa matini ya kumsaidia mgeni ajifunze lugha ambayo kwayo angehubiri.

Steere hakuwa mtu wa kudharau alichokikusanya. Katika dibaji yake alieleza kwamba ngano za wenyeji huwa na viitikio ambavyo watu wote waliopo huviimba, na kwamba mara nyingi mifupa ya kisa imo katika nyimbo hizo, na mtambaji huziunganisha kwa maelezo anayoyabuni palepale. Ushahidi huu una uzito mkubwa, kwa sababu unatoka kwa mtu yule yule aliyezitia ngano hizo wino. Alikiri kwamba sehemu ambayo kitabu huipa nafasi kubwa, yaani maelezo, ndiyo iliyokuwa ikibadilika kila usiku. Na sehemu iliyokuwa imara, yaani wimbo na kiitikio, ndiyo isiyoweza kuingia kitabuni ikiwa na sauti yake.

Ngano ya Sultani Majnuni yaonyesha hasara hiyo waziwazi. Mwana mdogo aliyekuwa akidharauliwa kwa kukaa jikoni huenda mwituni kumtafuta nunda mla watu. Kila anapoua mnyama humjia mama yake akiimba kuuliza kama huyo ndiye nunda, na mama humjibu kwa wimbo kwamba siye. Msomaji wa kimyakimya huona maneno yale yale yamerudiwa mara nyingi, akaruka mistari. Msikilizaji hakuweza kuruka kitu, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiimba, na kila kukanushwa kulimwongezea hamu na hofu.

Suala la pili ni la majina. Jina kamili la kitabu husema kwamba hadithi hizi zimesimuliwa na wenyeji wa Unguja. Ijapokuwa Steere aliwataja katika dibaji baadhi ya waliomsaidia, jalada lilikuwa na jina moja tu, na maktaba zote za dunia zimekiorodhesha chini ya jina hilo. Mwaka 1901, huko Chicago, George W. Bateman alitoa Zanzibar Tales, kitabu cha Kiingereza kitupu ambamo Kima na Papa wameandikwa kwa tahajia ya sikio la Mmarekani. Hapo Kiswahili chenyewe kilikuwa kimekwisha kuondoka, yakabaki majina machache kama mapambo.

Katika Berlin mambo yalikuwa na sura nyingine, lakini mwisho wake ulifanana. Chuo cha lugha za Mashariki kilianzishwa huko mwaka 1887 ili kuwaandaa watumishi wa dola ya Kijerumani. Waalimu wenyeji waliletwa kutoka Afrika ya Mashariki, miongoni mwao Amur bin Nasur wa Unguja, ambaye habari za maisha yake zilichapishwa mwaka 1894 katika mkusanyo wa Büttner. Baadaye alikuja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeanza kufundisha mwaka 1900. Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, alichapisha ngano za Waswahili mwaka 1898, na mwaka 1903 akatoa Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa ya kitabu hiki cha pili ilitoka katika kalamu ya Mtoro. Juu ya jalada palikuwa na jina la Velten.

Mwaka 1905 Mtoro alijaribu kurejea kwao na mkewe Mjerumani. Serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka pwani pamoja, nao wakarudi Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927. Mwaka 1981, tafsiri ya J. W. T. Allen ilipotokea, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa mahali pake kama mwandishi mkuu wa kitabu. Ilichukua miaka 78. Na huyu alikuwa mtu msomi, mwalimu wa chuo, ambaye maandishi yalikuwapo ya kumshuhudia. Bibi wa Makunduchi au wa Siu aliyesimulia bila kuandika angepata wapi shahidi wa namna hiyo?

3. LUGHA SANIFU NA NGANO YA SHULENI

Uhamisho wa pili ulifanyika kwa njia ya elimu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ikaanza kazi yake ya kusimamia tahajia, msamiati na vitabu vya shule katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja. Kamusi ya Johnson ilifuata mwaka 1939.

Faida ya usanifishaji haiwezi kukanwa. Ndio uliowezesha kitabu kimoja kusomwa Kisumu na Songea, na pasipo huo Kiswahili kisingekuwa lugha ya taifa kwa urahisi kilioupata. Lakini kwa ngano ulikuwa na athari mbili. Kwanza, hadithi zilizoruhusiwa kuingia darasani zilipitishwa katika chujio la lahaja moja. Mtoto wa Lamu au wa Mombasa aliyezoea kusikia ndia, ndaa na mato alikuta njia, njaa na macho, akafundishwa kwamba vile vya nyanyake ni makosa. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, katika Historia ya Kiswahili (1977), waliwakumbusha wasomaji kwamba lugha hii ina wenyewe na ina lahaja zenye fasihi kongwe. Na ukumbusho huo ulihitajika.

Pili, ngano ilifupishwa ikawa funzo. Viitikio vilipunguzwa kwa sababu hula karatasi. Matusi, vituko vya kitandani na kejeli kwa wakubwa vikaondolewa. Na mwishoni pakaongezwa sentensi ya kueleza maadili. Sungura wa barazani alikuwa laghai ambaye watu walimcheka, wakamwogopa na kumhusudu kwa pamoja. Sungura wa darasani akawa mfano wa tabia njema au mbaya. Mazoea haya ya kuimalizia kila ngano kwa funzo yameota mizizi kiasi cha kwamba leo wengi hudhani ndiyo sifa ya asili ya fasihi ya Kiafrika.

4. KINASA-SAUTI NA CHUO KIKUU

Tarehe 24 Oktoba 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao maarufu wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake paundwe idara itakayoiweka Afrika katikati. Fasihi-simulizi ilipewa nafasi ya mbele katika waraka huo. Kutokana na vuguvugu hilo wanafunzi walitumwa vijijini kwao na kinasa-sauti, na hatimaye somo hili likaingia katika mtaala wa shule za upili.

Huu ndio uhamisho uliojaribu kurekebisha makosa ya ile iliyotangulia. Utepe ulinasa sauti, wimbo, kicheko, kikohozi cha mzee na kilio cha mtoto mgongoni mwa mamake. Kanuni nzuri za kazi ya nyanjani zilimtaka mwanafunzi aandike jina la mtambaji, umri wake, kijiji chake, lugha yake na mazingira ya utambaji. Kwa mara ya kwanza mtambaji alipewa jina kwa utaratibu wa kitaaluma.

Hata hivyo utepe hukatika, hushika ukungu kwa joto na unyevu, na mashine za kuuchezesha huadimika. Tena matini zilizofika kwenye vitabu zilikuwa zile zilizofasiriwa kwa Kiingereza, kwa kuwa wachapishaji walitafuta soko. Basi sauti ilibaki kabatini na tafsiri ikatoka duniani. Na mashine husoma kile kilichotoka duniani.

5. MASHINE NA CHAKULA CHAKE

Kiswahili hakikungoja mwaka 2022 ili kikutane na tarakilishi. Mnamo 1985 Arvi Hurskainen wa Helsinki alianza kuunda mfumo wa kuchanganua maneno ya Kiswahili, uliokuja kuitwa SALAMA. Hazina ya matini ya Helsinki, katika toleo lake la pili la mwaka 2016, ina maneno yapatayo milioni 25, mengi yakiwa yametoka katika magazeti na katika taarifa za Bunge la Tanzania. Mwaka 2009 Google ilikiingiza Kiswahili katika huduma yake ya tafsiri. Mwaka 2017 ulibuniwa muundo wa tarakilishi uitwao Transformer, ambao ndio msingi wa modeli kubwa za lugha zinazotumika leo.

Utendaji wa modeli hizi waweza kuelezwa kwa ufupi. Modeli hulishwa maandishi mengi mno, ikayakata maneno vipande vipande, ikajifunza ni kipande gani huelekea kufuata kingine. Inapoombwa ngano haikumbuki usiku fulani wala mtu fulani. Hukadiria mfuatano wa vipande unaoelekea zaidi. Kwa hiyo hulka yake ni kuyaendea yale yaliyo mengi. Na yaliyo mengi si ya Kiswahili: katika matini zilizotumiwa kuifunza GPT-3 ya mwaka 2020, takriban asilimia 93 ya maneno yalikuwa ya Kiingereza. Hata ukataji wenyewe haukuzingatia lugha ya viambishi. Neno kama watakapotusimulia, ambalo Mswahili hulitamka kwa pumzi moja, laweza kukatwa ovyo katika vipande ambavyo havilingani na viambishi vyake, na aghalabu maana ile ile huhitaji vipande vingi zaidi katika Kiswahili kuliko katika Kiingereza.

Sasa historia iliyoelezwa hapo juu yaanza kudai deni lake. Maandishi yaliyo rahisi kwa mashine kuyafikia ni yale yaliyokwisha kuwekwa wazi katika intaneti, na miongoni mwa hayo kimo kitabu cha Bateman cha 1901, ambacho mtu yeyote aweza kukisoma bila malipo. Ngano ya Kipemba iliyosimuliwa mwaka 1980 na kubaki katika utepe haimo. Miswada ya tenzi na hadithi katika herufi za Kiarabu, ambayo ndiyo maandishi ya Waswahili wenyewe kabla ya wageni, kwa sehemu kubwa haijageuzwa kuwa matini ambayo mashine yaweza kuisoma. Kwa hiyo yule atakayeiomba mashine ngano ya Kiswahili ataelekea kupewa ngano iliyopita katika machujio yote kwa pamoja: kisa bila wimbo, lugha sanifu bila lahaja, na funzo mwishoni. Lahaja nayo yaweza kupotolewa moja kwa moja. Mtambaji wa Mombasa akisema, "Ndoo, mwanangu", amemwita mwanawe; chombo kilichofunzwa kwa Kiswahili sanifu kitupu chaweza kuelewa kwamba anazungumzia chombo cha kutekea maji.

Ni lazima pia ielezwe ni nani aliyefanya kazi. Mnamo Januari 2023 iliripotiwa kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walikuwa wamelipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kubainisha maandishi machafu ili mashine ifunzwe kuyaepuka. Hivyo Wakenya wamo ndani ya akili unde tangu utoto wake. Lakini waliitwa kama wasafisha uchafu wa lugha ya wengine, hawakuitwa kama watambaji wa lugha zao.

Si kweli, hata hivyo, kwamba Waafrika wameketi kitako. Mwaka 2019 lilianzishwa vuguvugu la Masakhane, ambalo jina lake kwa Kizulu lina maana ya kujenga pamoja. Na mwaka 2021 wanachama wake walitoa matini zilizobainishiwa majina ya watu, mahali na mashirika katika lugha 10 za Afrika, Kiswahili na Dholuo zikiwamo. Nchini Kenya mradi wa Kencorpus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene, ulikusanya matini 4,442 zenye maneno milioni 5.6, na rekodi za sauti 1,152 zenye jumla ya saa 177, katika Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluhya. Matini na sauti hizo zilitafutwa katika jamii, mashuleni, kwa wachapishaji na kwa vyombo vya habari. Kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na bahari ya Kiingereza. Lakini kina jambo ambalo bahari hiyo haina: watu waliokikusanya wanajua walikokitoa.

6. TOFAUTI ILIYO YA MSINGI

Huenda msomaji akapinga hivi: ikiwa kisa cha kima na papa kilitoka Bara Hindi kikapita Uajemi na Uarabuni, na Waswahili wakakifanya chao, kuna ubaya gani mashine nayo ikiwa msafiri mwingine katika njia hiyo hiyo? Pingamizi hili ni la haki na halipaswi kujibiwa kwa hasira.

Jibu lake ni kwamba katika safari yote ile, kila kituo kilikuwa na mtu. Baharia aliyekileta kisa Unguja alikisimulia mbele ya watu waliomwona uso. Kama hakikuwaingia akilini walimwambia, naye akabadili kasa akaweka papa. Hata Steere, pamoja na mapungufu yote yaliyokwisha kutajwa, aliketi na Waswahili wakamsimulia. Na mtafiti wa leo aweza kukipinga kitabu chake kwa kuuliza walikuwa nani na walimwambia nini. Katika kila uhamisho mtambaji alifichwa, lakini alikuwapo. Ndiyo maana Mtoro aliweza kurudishiwa jina lake baada ya miaka 78. Ngano iliyotungwa na modeli haina wa kurudishiwa. Si kwamba jina limefutwa. Halijawahi kuwapo, na waliochangia ni wengi mno na wamesagwa pamoja kiasi cha kutotambulikana.

Tatizo hili si la nadharia tu. Kwa zaidi ya nusu karne idara za vyuo vikuu zimekuwa zikitegemea ngano zinazoletwa na wanafunzi kutoka nyanjani. Leo mwanafunzi aweza kuipata ngano "ya Wagiriama" au "ya Waamu" bila kutoka bwenini, ikiwa na mianzo, miisho na hata methali mahali pake. Ikiingizwa katika hifadhi ya idara pamoja na jina la mzee wa kubuni, mtafiti wa miaka 50 ijayo hataweza kuitenga na ile iliyosimuliwa kweli. Na mashine za baadaye zitakapolishwa hifadhi hiyo zitajilisha matapishi yao wenyewe. Wakoloni waliziondoa ngano kwa wenyewe. Hapa wenyewe ndio watakaokuwa wameziweka ngano zisizo za mtu mahali pa zile za wazee wao.

Sheria inatoa msaada kiasi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 11, inautambua utamaduni kuwa ndio msingi wa taifa. Na Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kiutamaduni inataka jamii ziombwe idhini, na kuweka rejista katika kaunti. Lakini sheria hizi zilitungwa kwa kumfikiria mwizi anayechukua kitu kimoja kinachotambulika. Haziwezi peke yake kumkabili yule achukuaye tone kwa kila mmoja.

Kwa hiyo jukumu kubwa liko kwa idara za lugha. Kwanza, ngano yoyote isipokelewe katika hifadhi bila ya sauti yake, jina la mtambaji kwa idhini yake, mahali na siku. Pili, sauti za hadhira zisikatwe kwa kisingizio cha kusafisha rekodi, kwani Steere mwenyewe alishuhudia kwamba mifupa ya kisa imo humo. Tatu, lahaja iandikwe kama ilivyotamkwa, na usanifu uwekwe pembeni kama maelezo. Nne, tepe za zamani zigeuzwe kuwa za kidijitali kabla hazijaharibika, na masharti ya kuzitumia kwa kufunza mashine yapatanwe na familia na jamii zilizosimulia. Kazi hizi hazimzuii mtu kutumia akili unde; kinyume chake, ndizo pekee zitakazoipa chakula kinachofaa.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba historia ya ngano za Waswahili tangu 1870 ni historia ya kisa kuendelea kuishi na mtambaji kuendelea kufifia. Misheni ilimtumia kufundishia lugha, dola ikamtumia kuandalia watawala, shule ikamnyoosha ulimi, na chuo kikuu kikamrudishia jina kwa sehemu, kisha kikamwacha kabatini. Akili unde ni hatua ya nne, nayo inaweza kusimulia bila ya kuwa na mtambaji kabisa.

Tarehe 7 Julai ilitangazwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukaikubali lugha hii miongoni mwa lugha zake za kazi. Heshima hizo ni kubwa, lakini hazitoshi kuihifadhi ngano hata moja. Utambulisho wa jamii haukai katika kisa, kwa kuwa visa husafiri. Unakaa katika haki ya watu kukijibu kisa, kukikataa, kukigeuza, na kujua ni nani aliyewasimulia. Penye "Paukwa!" isiyoweza kusikia "Pakawa!" hapana ngano, hata maneno yawe mazuri namna gani.